Jiwe la Malimi

Apa kwanza kwamba hili halitoki hapa. Umeapa? Na mimi niliapa hivyo hivyo, kwa Bikira Maria, na hata wiki haijaisha. Sogea.

Mlimani nyuma ya Kiseke kuna nyumba ya shamba yenye kuta za mawe za mababu, zimepanda ngazi kwa ngazi kuzuia udongo usiteremke ziwani. Kila bi harusi wa nyumba ile huja na jiwe la kwao, analipachika ukutani mwenyewe. Akiachika, hulitoa. Vinginevyo hakuna anayeligusa: likitolewa na mkono mwingine, mwenyewe huondoka nalo.

Asubuhi moja Malimi, mkwe wa pale, mjamzito mzito, alikuwa anachuma mchicha akaona shimo ukutani. Jiwe la mama mkwe wake, Getruda, halipo.

Jioni Getruda alianguka jikoni. Hakuamka.

Maskini, mama wa utani! Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne, kimoja kilikatwa na mundu. "Nimekitanguliza kaburini kinishikie nafasi," alikuwa akisema. Na alishatamka mbele ya ukoo: shamba lote ni la mjukuu aliye tumboni mwa Malimi.

Msibani, shemeji yake Malimi, Mihayo, ndugu wa mumewe, ndiye aliyeongoza rozari, sauti tamu kama asali ya wizi. Akimaliza, ananong'ona: "Kabla huyu hajaolewa, ukuta ulitoboka lini?"

Wanawake wakahamisha mikeka. Malimi akabaki peke yake.

Walipotoka kuzika, watu wakila ugali, mtoto tumboni akatulia. Akapoa.

"Dada Kashindye," Malimi akamnong'oneza mwanamke aliyepita karibu. "Mtoto hachezi."

Kabla hajajibiwa, mtu alipiga yowe shambani. Wote wakakimbia.

Mihayo amepiga magoti. Jiwe la Malimi limelala mapajani pake. Mkono umezama shimoni hadi kiwiko. Anavuta. Hautoki.

"Nitoeni! Ananishika!"

"Nani, shemeji?" akauliza Malimi.

Hakuna aliyesogea. Malimi akainama, akalichukua jiwe lake, akalikumbatia. Mtoto akapiga teke.

Mkono ukaachiwa.

Kiganjani mwa Mihayo kulikuwa na nywele za Malimi zimefungwa uzi mweusi. Vijana wakachimba shimo lile. Udongo mtupu. Hata panya hakuna.

Ila kwenye kifundo cha mkono wa Mihayo alama za vidole zilikuwa zimebonyea, nyekundu, mbichi. Kashindye, aliyemwosha marehemu, akavihesabu kwa sauti mbele ya wote.

"Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne."

Akatafuta cha tano. Hakikuwepo.