Asante ya Getini

Muriel Braithwaite alisikia "asante" na akafurahi, maana mumewe hakuwa mtu wa kumshukuru.

Si kwamba Clive alikuwa na roho mbaya. Alimshukuru dereva wa basi, alimshukuru muuza magazeti, hata mbwa akirudisha mpira aliambiwa asante. Mkewe tu ndiye aliyesahauliwa, kama mtu asivyokumbuka kukishukuru kiti. Tangu apasuliwe moyo, Muriel ndiye aliyempa vidonge, ndiye aliyemvisha zile soksi za kubana miguu, na kila alasiri ndiye aliyemtoa kutembea kando ya ziwa Thornmere, kwa sababu daktari alisema mzee huyu asipotembea hafiki mbali. Basi wakatembea, jua likiwaka na mvua ikinyesha, na mara nyingi ilikuwa mvua. Muriel alikuwa amechoka, jamani, uchovu ule ambao unalala nao na kuamka nao.

Njia yenyewe hupita msitu wa mialoni, ikashika ukingo wa maji, kisha, kabla ya kuingia kijijini, ikafika kwenye geti ambalo wenyeji huliita geti la busu. Ni geti dogo linalocheza ndani ya uzio wa nusu duara. Kondoo hapiti. Watu hupita mmoja mmoja, na wa mbele humshikia wa nyuma. Zamani wa nyuma alidaiwa busu ndipo apite, lakini Clive na Muriel walikwisha kuacha hayo siku nyingi.

Alasiri ile ya Oktoba Muriel alipita, akalishika geti bila kugeuka, kama alivyolelewa. Akahisi mtu anapita karibu kabisa na bega lake, na ubaridi wa nguo zilizolowa.

"Asante," mtu huyo alisema.

"Karibu," akajibu, na moyoni akajiambia, loo, leo kumekucha! Akageuka ili amtanie mumewe. Hakukuwa na mtu. Clive alikuwa kule nyuma kwenye mialoni, amesimama na darubini yake, anamkodolea korongo macho.

"Umesema nini?" Muriel alimwita.

"Sijasema kitu! Na wewe punguza kelele, utamfukuza ndege wangu."

Mbwa wao, Bramble, alikuwa amejibana kwenye buti za Muriel akitetemeka. Siku hiyo hakukubali kuingia ndani ya nyumba. Alilala kwenye gari, na kuanzia hapo huko ndiko kukawa kwake.

Majini ya kule hayaji na moto wala manukato. Huja na maji. Asubuhi iliyofuata zulia la ngazi lilikuwa bichi, na jikoni kulinuka matope na majani yaliyooza, harufu ya ukingo wa ziwa hasa. Muriel akafungua madirisha, akapiga deki, akamlaumu fundi bomba. Jioni akakuta kiti cha pembeni ya moto kimelowa alama ya makalio mawili ya mtu. Clive aliapa si yeye.

"Mimi ni mgonjwa wa moyo, mama, sijafika huko kwingine," akasema, na wakacheka, kicheko chao cha mwisho cha kweli.

Kisha zikaanza asante. Muriel akiweka birika mezani, nyuma yake sauti ya chini inasema asante. Akifunga pazia, asante. Akikunja shuka, asante, kwa upole, kama mgeni asiyetaka kusumbua. Na yeye, mtoto wa watu wenye adabu, kabla hajafikiri mdomo ulikuwa umeshajibu karibu. Tuseme ukweli, kuna siku alijibu kwa hiari yake, maana ni nani mwingine katika nyumba ile aliyeona kazi yake?

Lakini kila alipojibu, Clive alipungua. Alianza kupumzika katikati ya ngazi. Halafu akashindwa ngazi kabisa, akawa analala sebuleni, midomo imeingia rangi ya buluu. Hospitali walimpima wakasema moyo unapiga vizuri, arudi nyumbani.

"Kuna mtu ananikalia kifuani," alimnong'oneza mkewe. "Mzito, Muriel. Analowanisha fulana yangu. Usiniache peke yangu naye."

Muriel akagusa fulana. Ilikuwa imelowa, na jani la mwaloni limeganda juu yake. Hapo ndipo alipompigia simu mchungaji.

Mchungaji Philippa Ormerod alikuwa na makanisa matano na gari moja bovu. Aliingia na tope lake miguuni, akavuta hewa mara moja, akaweka chini bila kunywa kikombe cha chai alichopewa.

"Kinakushukuru?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kinanishukuru."

"Na wewe unakijibuje?"

"Nasema karibu."

"Mungu wangu, Muriel!"

"Sasa ningesemaje, Mchungaji? Mtu amekuambia asante!"

Mchungaji akasogeza kiti. Akaeleza kwa kunong'ona kwamba njia ile ya ziwani zamani ilikuwa njia ya maiti. Watu wa bonde la pili hawakuwa na makaburi, walibeba wafu wao kwa kupokezana mpaka kanisani huku, na lile jiwe bapa ng'ambo ya geti, upande wa ziwani, ndilo la kutua jeneza. Mwaka fulani wabebaji walichoka, mvua ikawazidi, wakaliacha jeneza pale wakaenda kunywa. Walipolirudia lilikuwa zito kuliko mwanzo. Kitu cha ziwani kilikuwa kimejilaza juu ya maiti, na tangu siku hiyo kilipenda kubebwa, na humshukuru anayekibeba.

"Ulikishikia geti, ukakikaribisha," akasema. "Kitoe hivyo hivyo. Kipeleke hadi jiweni, kisha urudi wewe wa kwanza, na geti ukifungie usoni. Kitakuomba. Usijibu, usigeuke. Mimi nitakaa na Clive."

"Nimfungie mtu geti usoni?" Muriel aliuliza, na kwa kweli hilo lilimtisha kuliko mengine yote.

Akavaa koti akatoka. Nyuma yake buti zilizojaa maji zikaanza kulia, chubwi, chubwi. Getini alishika, kikapita, kikashukuru. Alibana meno. Ukungu ulikuwa umeshuka ziwani, na alipofika jiweni akaligusa, akageuka huku ameyafumba macho ili asione alichokuwa anapishana nacho, akaanza kurudi, mwendo wa kawaida kwanza, kisha wa haraka, kisha mbio za mwanamke mwenye magoti mabovu, huku nyuma pumzi ikizidi kusogea na ile harufu ikimwingia kooni, na geti likitokea polepole katika ukungu kama lililokuwa likirudi nyuma kila akilikaribia, mpaka akalishika, akajipenyeza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaliachia likajifunga kwa kishindo bila kumngoja aliyekuja nyuma.

Akalipa mgongo.

Kisha upande wa pili mtu akahema.

"Muriel. Nishikie geti. Kifua kinanibana."

Ilikuwa sauti ya Clive, na kikohozi chake kile kile. Muriel aliziba masikio akaenda zake huku analia, na kila hatua akijiambia, si yeye, si yeye, yeye yuko nyumbani.

Kwenye kona ya kijiji alikutana na mchungaji anakimbia, hana koti.

"Umekutana naye?"

"Nani?"

"Clive! Uliposhika njia tu aliamka kama hajawahi kuumwa. Nimekwenda kuchemsha maji, narudi hayupo. Ameacha kikaratasi kwamba anapitia njia ya msituni, ile isiyopita getini, akukute jiweni, hataki uwe peke yako!"

Muriel hakujua alifikaje tena getini. Alimkuta amelala juu ya geti kwa tumbo, kofia imeanguka, fimbo yake ya kutembelea iko mkononi, midomo ya buluu. Hakujiuliza. Wewe ungejiuliza? Mtu aliyeishi naye tangu usichana, aliyetoka kitandani kwa ajili yake? Akalivuta geti, akalishika kwa mikono yote miwili.

"Pita, mpenzi. Pita, nimekushikia."

Akapita taratibu. Katikati ya uzio akasimama, akamwinamia, akambusu, kama enzi zile. Midomo yake ilikuwa na ladha ya matope.

"Asante," akasema.

Muriel akatazama nyuma yake, kwenye njia ya jiweni. Hakukuwa na mtu mwingine wa kungojewa, ukungu tu, na kwa mbali kidogo, mahali mialoni inapoishia, kitu kama darubini ya Clive kimeanguka kwenye majani. Mikono ilimuuma. Angeweza kulisukuma geti na kwenda kuangalia. Alikuwa amechoka mno, na huyu alikuwa ameshamwegemea begani kwa uzito wake wote.

"Umempata?" mchungaji aliita kutoka kijijini.

"Nimempata," akajibu Muriel. Akamgeukia aliyekuwa begani, akamfuta maji usoni kwa kitambaa chake, akamwambia karibu.