Blanketi la Sufu ya Ngamia

Jumamosi ilikuwa siku ya kufua, na Solongo alifua kama mtu anayefunga mizigo ya kuhama. Mashuka, soksi, sweta, suruali nzito za mumewe, vyote vilikwenda pamoja ndani ya pipa la mashine. Kisichoingia alikisukuma kwa goti. Mlango ukikataa kufunga, aliuegemea kwa bega mpaka ukakubali.

Hakuwa mvivu. Alikuwa na sababu yake. Yeye na mumewe Zorig walihamia ghorofani vuli iliyopita. Kabla ya hapo waliishi kilimani, kwenye mtaa wa mahema, pembeni mwa Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia. Huko maji hununuliwa kibandani na kuburutwa kwa kigari juu ya barafu. Mtu aliyeburuta maji miaka mingi hawezi kuyaona yakimwagika ovyo akatulia. Kwa hiyo Solongo alifua kila kitu kwa mkupuo mmoja. Kitufe cha kusuuza mara ya pili hakukigusa kabisa. Aliona ni kitufe cha matajiri.

Tena, kwa kuwa nguo za baridi ni nzito, aliipa mashine nguvu zote. Maji ya moto, sabuni ya unga ya kumwaga, kukamua kwa kasi ya mwisho.

"Kitu kizito kinataka nguvu," alimwambia Zorig.

Zorig hakubisha. Yeye ni fundi wa nyaya za umeme, na mambo ya sabuni aliyaacha yapite.

Basi nguo zikaanza kulipa kisasi. Koti la Zorig la manyoya ya bata lilitoka mashineni na mabonge. Manyoya yote yalikuwa yameshuka kwenye pindo, na mabegani palibaki kitambaa kitupu. Zorig alipanda nguzo za umeme kwenye baridi ya kuvunja mawe, akarudi nyumbani midomo imemgeuka rangi. Sweta la sufu la binti yao, Nomin, lilitoka dogo hata likamtosha mwanasesere. Nomin mwenyewe alijikuna shingo kutwa.

Hayo yote Solongo aliyavumilia. Lakini Jumamosi moja asubuhi Nomin alimwaga bakuli zima la chai ya maziwa juu ya blanketi la bibi yake.

Bibi huyo ni Mama Dulam, mamake Zorig, mfuga ngamia wa jangwa la Gobi. Sufu ya blanketi lile ilitoka kwa ngamia wake mwenyewe. Aliwapa zawadi siku ya harusi yao. Kila akija kwao kwa sikukuu ya mwaka mpya, Mwezi Mweupe, hulala chini ya blanketi hilo na si jingine. Na Mwezi Mweupe ulikuwa umebisha hodi. Mama Dulam angefika Jumanne.

Angekuwa Gobi, Solongo angelilaza blanketi juu ya theluji na kulipiga fimbo. Lakini fimbo hutoa vumbi, haitoi maziwa. Na theluji ya mjini ina masizi ya makaa. Lazima lifuliwe. Alikumbuka maneno ya mama mkwe alipoiona mashine kwa mara ya kwanza: "Sufu huoshwa kwa mikono, mwanangu. Mashine haina macho." Blanketi hili likiharibika, hakuna duka la kulinunua tena.

Wakati huo mashuka yalikuwa ndani ya mashine, na mashine ilikuwa ikigonga sakafu, gubu, gubu, gubu. Mara mlango nao ukagongwa.

Alikuwa Luvsan, jirani wa ghorofa ya chini, mtu wa miraba minne. Zamani alicheza mieleka. Baadaye alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mablanketi, upande wa kuoshea. Mkewe ni dereva wa basi, hivyo nguo za nyumba yao huzifua yeye, na haoni haya kusema.

"Mdogo wangu," alisema, "unafua au unachinja ng'ombe? Taa yangu inacheza darini."

"Nisamehe, Kaka Luvsan. Nguo za baridi ni nzito."

"Nzito ni mimi. Hizo zimebanana tu." Akaingia, akaizima mashine, ikatulia. Kisha akaliona blanketi kwenye kiti. Alilishika pembe, akalisugua kwa vidole. "Ngamia. Ngamia mzuri. Hili linakwenda wapi?"

"Mashineni. Limemwagikiwa chai."

"Kwa mpango gani?"

"Ule wa pamba. Nyuzi joto sitini, na kukamua kwa nguvu."

Luvsan akavuta kigoda, akaketi. "Kabla hatujaua mwingine, niletee marehemu."

"Marehemu gani?"

"Lile sweta. Nimemwona mwanasesere wa Nomin kalivaa."

Solongo aliona aibu, lakini alicheka. Alilileta. Luvsan akalivuta huku na huku. Halikuvutika hata kidogo. Lilikuwa gumu na nene.

"Linakukumbusha nini?" aliuliza.

Solongo akalipapasa. "Ukuta wa hema letu."

"Enhe. Na ule ukuta wa sufu hutengenezwaje? Wewe umekulia humo."

"Sufu hulowanishwa. Inakunjwa kwenye gogo. Kisha farasi anaiburuta na kuibiringisha mpaka ishikane."

"Maji, na msukosuko. Ukiongeza joto, ndiyo kabisa. Uzi wa sufu una magamba madogo, hayaonekani kwa macho. Ukiyatikisa kwenye maji ya moto yanashikana, na hayaachani tena. Sasa mashine yako ndiyo farasi, Solongo."

Solongo akaliangalia sweta, kisha mashine. "Kumbe nilikuwa natengeneza hema."

"Hema la mwanasesere. Hilo basi tena, maji yakimwagika hayazoleki. Hili la mama mkwe tutaliokoa. Tafuta lebo."

Lebo ilikuwa imeshonwa pindoni, kwa sababu Mama Dulam alipeleka sufu yake kiwandani ikafumwe. Ilikuwa na picha ya beseni. Ndani ya beseni palikuwa na namba thelathini, na chini yake mistari miwili.

"Beseni ni kufua," alisema Luvsan. "Namba ni joto: usipite hapo. Mistari miwili chini maana yake taratibu sana. Ungekuta mkono ndani ya beseni, ungefua kwa mikono. Ungekuta beseni limekatwa kwa alama ya X, usingetia maji kabisa. Sasa zungusha hicho kitasa mpaka kwenye picha ya bonge la uzi. Huo ndio mpango wa sufu."

Solongo alizungusha. "Na kukamua?"

"Kasi ya chini kabisa. Sabuni ya unga weka kando, na ile dawa ya kutoa madoa pia. Sufu inataka sabuni yake ya maji, kidogo. Nitakuletea yangu. Mwaga maji, toa hayo mashuka, utulize blanketi ndani, peke yake. Sasa pitisha mkono juu yake."

Mkono wa Solongo ulipita bila kubanwa.

"Limepata nafasi. Ungekosa pa kupitisha mkono, ningekwambia ulipeleke kwa wale wenye mashine kubwa. Nguo zikibanana, maji hayapiti katikati yake. Uchafu na sabuni vinabaki humo humo. Haya, bonyeza kitufe cha kusuuza tena."

Solongo akarudisha mkono nyuma. "Hapana, Kaka. Hapo sikubali. Maji yote hayo? Kule kilimani tungeyatumia wiki nzima."

"Mwite Nomin."

Nomin akaja, anajikuna. Luvsan akamwinua kidevu. Shingo ilikuwa nyekundu mahali kola ya nguo inapogusa.

"Mimi si daktari," alisema Luvsan. "Lakini loweka kitambaa kimoja mlichokifua, uone kama maji hayatoi povu. Sabuni unayoiacha kwenye nguo, mtoto anaivaa."

Solongo alichovya soksi safi ya Nomin kwenye beseni, akaikamua. Povu jeupe likatanda. Aliliangalia kwa uchungu. Maji aliyodhani ameyaokoa, kumbe alikuwa akiyalipia kwa ngozi ya mwanawe.

Mazoea yana tabu, lakini akili ni nywele. Solongo alichungulia nyuma ya mashine, akauchomoa mpira wa maji machafu kwenye bomba la ukutani. Akautumbukiza ndani ya ndoo kubwa.

"Machafu ya kwanza nitayamwaga, lakini maji ya mwisho ni karibu safi," alisema. "Nayakinga. Nitaoshea ngazi za jengo."

Luvsan alijikuna kisogo. "Hilo kiwandani hatukulifikiria."

Akashuka kuleta sabuni yake ya maji, akaitia kidogo, ndipo Solongo akabonyeza kitufe.

Mashine ilizunguka polepole, ikapumzika, ikazunguka tena. Haikugonga. Solongo aliketi mbele ya kioo cha mlango kama anayemlinda mgonjwa. Ilipoanza kukamua, alisogeza kigoda karibu zaidi. Ilipokwisha, walilipakata blanketi kwa mikono minne, lisining'inie kwa uzito wa maji. Walilitandaza juu ya shuka, mbali na bomba la joto la ukutani. Solongo alilipima kwa mikono yake, pindo hadi pindo. Halikuwa limepungua hata kidogo. Furaha ilimjaa mpaka akamkumbatia Luvsan na sabuni zake.

"Mikono hiyo ipeleke kwenye mashuka," alisema Luvsan. "Ya pamba ndiyo yanayopenda nyuzi sitini. Yagawe mara mbili."

Jumapili ikawa zamu ya koti la Zorig. Solongo alisoma lebo mwenyewe. Alifunga zipu, akachagua mpango wa nguo laini, maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, kusuuza mara mbili. Dawa ya kulainisha hakutia, kwa maana hugandisha manyoya. Likiwa linakauka, Zorig alilitikisa kila alipopita, na Nomin aliyavunja mabonge kwa vidole. Jumatatu Zorig hakwenda kazini, alibaki nyumbani na koti lake siku nzima, likauke mpaka ndani. Jumanne asubuhi alilivaa, mabega yamejaa, akaondoka anapiga mluzi.

Mchana Mama Dulam akafika. Solongo alimkinga viwiko kwa mikono miwili, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa.

"Nani kaosha ngazi kwenye baridi hii?" aliuliza bibi kabla hata hajavua kofia. "Zinang'aa."

"Blanketi lako, Mama," alijibu Solongo.

Bibi hakuelewa. Alikunywa chai, kisha akajilaza na kulivuta blanketi kifuani. Lilimfunika kidevu. Akainua kichwa kutazama miguu. Nayo ilikuwa imefunikwa. Akalinusa.

"Hili limefuliwa."

"Nomin alilimwagia chai, Mama. Nimelifua kwa mashine."

Zorig, aliyekuwa amerudi kutoka kazini, akaacha kutafuna. Solongo hakuinamisha macho. Alieleza yote: lebo, maji ya uvuguvugu, kusuuza mara mbili, ndoo. Alipofika kwenye farasi na hema la mwanasesere, Mama Dulam alianza kutikisika. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ukingo wa blanketi.

"Mashine haina macho," alisema. "Lakini wewe unayo."

Kisha akauvuta mfuko wake. Ndani yake akatoa blanketi jingine, la zamani, la kahawia iliyopauka.

"Hili ni la baba yenu. Tangu afariki sijamwachia mtu alifue. Sikukuu ikiisha, nifulie."

Zorig aliligusa kwa ncha za vidole. Solongo alilipokea kwa mikono miwili. Alikagua pindo moja, la pili, la tatu, la nne.

"Halina lebo, Mama."

"Nililifuma kwa mikono yangu. Lebo yake ni mimi," alisema Mama Dulam. "Niulize."

Solongo akakaa chini karibu na magoti yake. "Ni ngamia mtupu, au umechanganya na kondoo?"