Majirani Ndani ya Daftari

Kila siku baada ya shule, Nutan alikula wali na dengu harakaharaka, kisha akavuka kichochoro kwenda kwenye duka la fundi cherehani, mjomba Bisheshar. Kwao kulikuwa na chumba kimoja na wadogo zake watatu wasiojua kunyamaza. Kwa mjomba Bisheshar kulikuwa na benchi na feni. Hapo ndipo alipojiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya bweni ya serikali. Hesabu hazikumtisha. Kilichomtisha ni maneno magumu ya Kiingereza, mia tatu, ambayo mwalimu aliwaagiza wayajue yote.

Lakini Nutan alikuwa na ujanja wake. Kila neno alilitundika kwa mtu wa kichochoro chao. Neno "parsimonious", yaani bahili, alimpa Lakhan mwenye duka, ambaye akishakupimia sukari huchota kidogo kwa vidole na kuirudisha guniani. Nutan akifumba macho aliviona vidole vile, na neno likaja lenyewe. Yote aliyaandika katika daftari lenye jalada jekundu.

"Mwenzangu, una kichwa cha namna gani?" Rinki, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alimuuliza siku moja. "Mimi neno likiingia sikio hili linatokea lile. Niazime hilo daftari, leo tu."

"Sitaki. Mna mambo ya watu humu."

"Makubwa! Kwani mimi nimekuwa mtu baki?"

Nutan alisita. "Basi shika koo uape."

Rinki akabana ngozi ya koo lake kwa vidole viwili, akaapa kwamba hatamwonyesha mtu. Nutan akampa.

Kesho yake asubuhi, alipokwenda bombani na ndoo, Nutan alisikia vicheko toka mbali. Rinki alikuwa amesimama juu ya ukingo wa saruji, daftari jekundu mkononi, akiwasomea waliopanga foleni.

"'Timorous', mtu mwoga," alisoma kwa sauti. "Huyu ni mjomba Bisheshar. Aliuona mtihani wa Kiingereza wa darasa la kumi, akaruka dirishani na hakurudi tena!"

"Mama wee!" mwanamke mmoja alipiga makofi. "Na kibao cha duka lake kinasema amefaulu darasa la kumi!"

"Amefaulu kuruka!" mwingine akadakia.

Nutan alimwona mjomba Bisheshar mwisho wa foleni. Aligeuka, akarudi kwake na ndoo tupu.

"Rinki! Uliapa!" Nutan alimpokonya daftari.

"Niliapa kabla sijafika ukurasa wa kumi na nne," Rinki alijibu, macho yamemwiva. "Kwenye neno la mvivu umemwandika nani? Miaka yote tunakula sahani moja, kumbe mimi ni mvivu wako wa daftarini!"

Nutan alirudi nyumbani akilia hadi kwikwi zikamshika. Mama yake alikuwa akichambua mchele.

"Rinki amenisaliti, mama. Nilimwamini, akanianika mbele ya watu, akasoma hata siri ya mjomba."

"Amekusaliti, kweli," mama alisema bila kuinua macho. "Na mjomba wako je? Yeye amesalitiwa na nani?"

Nutan alilitazama daftari lake. Siri ile mjomba Bisheshar alimwambia yeye peke yake, siku alipolia benchini akisema ataacha mtihani. "Mimi nilikimbia, mwanangu," alimwambia, "na mpaka leo nauficha uongo wangu. Wewe usikimbie." Jioni ileile Nutan aliiandika siri hiyo daftarini, na akafurahi kwamba amepata mtu wa neno gumu.

Duka lilifungwa siku mbili. Siku ya tatu lilifunguliwa, lakini kibao hakikuwapo. Ilibaki misumari minne tu. Nutan alisimama mlangoni.

"Mjomba, naomba unisamehe."

"Nina kazi nyingi, mwanangu. Leo benchi limejaa vitambaa."

Benchini hapakuwa na kitambaa hata kimoja. Mtihani ulikuwa umebakiza siku tisa, lakini Nutan hakuuwaza. Aliwaza kwamba mzee yule, asiyejua kumfukuza mtu, alilazimika kudanganya ili amfukuze yeye.

Asubuhi iliyofuata alikwenda bombani mapema, akapanda juu ya ukingo uleule.

"Haya, bibi kamusi kaja!" mtu alimdhihaki. "Leo zamu ya nani?"

"Zamu yangu," Nutan alisema. "Mjomba Bisheshar aliniambia jambo lile kunitia moyo nilipotaka kukimbia mtihani. Mwoga ni mimi, niliyewaandika watu bila wao kujua. Nisameheni nyote. Rinki, nisamehe. Nawe mjomba Lakhan."

"Lakhan usimwombe radhi!" mwanamke mmoja alipaza sauti. "Kwanza aturudishie sukari yetu!"

Watu wakacheka, na Lakhan mwenyewe akaficha vidole vyake. Rinki hakucheka. Alimsogelea Nutan, akasema kwa sauti ndogo, "Ilinipasa nije kukugombeza wewe. Mjomba hakunikosea kitu." Nutan akamshika mkono.

Alasiri walikwenda pamoja dukani. Rinki aliomba radhi kwanza, huku akitazama miguu yake. Mjomba Bisheshar alisimamisha cherehani.

"Habari za bombani zimenifikia," alisema. "Sikilizeni, wanangu. Kuchekwa hakukuniumiza sana. Uongo wa kibao ulikuwa wangu, na sasa nimeutua. Kilichoniuma ni kwamba nilikupa jambo langu likusaidie, Nutan, ukalitumia kama kitu ulichookota njiani. Mtu akikuambia siri, haijawa mali yako. Huna ruhusa ya kuiandika wala kuiazimisha. Nawe Rinki, ukiwa na hasira na mtu mmoja, usimpige kwa kutumia mwingine."

"Sasa maneno nitayakumbukaje, mjomba?" Nutan aliuliza kwa woga.

"Una makosa yako mwenyewe, au huna? Yatundike maneno kwenye hayo. Hayo hata yakisomwa bombani, aibu ni yako peke yako."

Rinki alicheka, na Nutan naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa bado yanamtoka. Mjomba Bisheshar akainuka, akalifuta benchi kwa kiganja chake. "Ketini," alisema. "Zimebaki siku nane."