Kaki Kando ya Cherehani

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Kidoti alisimama katikati ya sebule na kupiga sakafu ya mbao kwa kisigino. Du! Du! Pua nyeusi ilichomoza chini ya meza. Kaki alijinyoosha, akapiga mwayo mrefu mpaka ulimi ukajikunja, kisha akaja kuegemeza kichwa kwenye goti la Kidoti.

Kaki alikuwa mbwa jike mwenye rangi ileile ya kaptula za sare ya shule, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alikuwa kiziwi tangu alipozaliwa. Hakusikia radi, wala honi, wala jina lake mwenyewe. Lakini sakafu ilimpasha habari. Mtu akipanda ngazi, Kaki alijua kabla mlango haujagongwa. Mambo mengine Kidoti alimfundisha kwa mikono. Kidole kifuani maana yake njoo. Kiganja kikielekea chini, lala. Ngumi, simama hapo hapo.

"Tena anakutii kuliko wewe unavyonitii mimi," mama alizoea kusema huku akifunga kamba za viatu vyake vyeupe vya uuguzi.

Siku hizi mama hakutania tena. Baba alikuwa amekwenda ng'ambo mwaka uliotangulia, akapata kazi ya kutengeneza majokofu, na sasa viza za mama na Kidoti zilikuwa zimetoka. Vitu vya nyumbani vilikuwa vikiondoka kimoja kimoja. Kabati liliuzwa, likaacha alama nyeupe ukutani. Kochi likafuata. Kila kitu kilipotoka, Kaki alikwenda kunusa mahali kilipokuwa, kisha akamgeukia Kidoti na kumtazama kwa muda mrefu.

Kaki mwenyewe hakuwa na safari. Mwenye nyumba wa kule alikopanga baba hakutaka mnyama wa aina yoyote. "Hata samaki wa kwenye chupa," baba alisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuomba na kukataliwa.

Watu walikuja kumtazama Kaki. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimpigia mluzi mara mbili, tatu. Kaki aliendelea kujilamba mguu.

"Ni kiziwi," Kidoti alisema.

"Kiziwi!" Yule bwana alicheka mpaka akashika tumbo. "Mlinzi kiziwi! Mwizi atamruka, atabeba mali, na akitoka atamfunika shuka asipate baridi!"

Mama mmoja wa jirani alikuja na watoto wake. Aliposikia habari za masikio, alisema, "Basi tutafikiria, mwanangu." Hakurudi.

Jioni moja mama alimketisha Kidoti kwenye sanduku la vyombo, kwa kuwa viti havikuwapo tena.

"Mwanangu, siwezi kumwacha mtaani. Mbwa asiyesikia magari hatafika mbali. Nimezungumza na daktari wa mifugo. Kama hatujapata mtu, Jumamosi atamdunga sindano. Hataumia. Atalala tu."

"Na asiamke?"

Mama alimvuta Kidoti kifuani, na Kidoti akahisi kifua cha mama kikitetemeka. Kaki alikuja akajipenyeza katikati yao, mkia ukimchezacheza. Alidhani ni mchezo.

Kesho yake shuleni, Kidoti alimweleza yote mwenzake wa dawati moja. Msichana huyo aliitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Kosa lako ni kusema ukweli mapema mno," Redio alisema. "Mjomba wangu anauza magari yaliyotumika. Umewahi kumsikia akitaja breki? Anasema, 'Tazama rangi, mzee! Kaa uone kiti kilivyo laini!' Basi."

"Kaki si gari."

"Sawa, si gari. Lakini Jumamosi ni Jumamosi. Na yule fundi cherehani wa karibu na kituo cha basi anatafuta mbwa. Nimemsikia mwenyewe akimwambia mama yangu."

Mchana, mama akiwa zamu hospitalini, alimfunga Kaki kamba na kuondoka naye.

Fundi alishonea katika kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya vigingi vifupi ili maji ya mvua yasiingie. Ndani kulikuwa na meza ya kukatia, pasi ya mkaa, marobota ya vitambaa, na cherehani ya miguu iliyochakaa rangi. Fundi alikuwa mzee mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni.

"Shikamoo, babu. Nimesikia unatafuta mbwa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiye huyu?" Fundi aliivua miwani akamtazama Kaki. "Loo, na rangi yake! Kama nimemshona mwenyewe." Alicheka kidogo, kisha uso ukatulia. "Tangu bibi yenu afariki, humu ndani kumepoa. Watoto wako mbali. Nataka mtu wa kumsemesha. Ana kasoro yoyote?"

Kidoti aliinama akaifungua kamba shingoni mwa Kaki.

"Hana, babu."

"Anaitikia jina?"

Kidoti alirudi nyuma hatua chache. "Kaki!" aliita kwa sauti kubwa, na wakati huohuo akagusa kifua kwa kidole, kama mtu anayejikuna. Kaki alimjia mbio.

"Basi amepata kwao!" Fundi alisema, akapiga makofi kwa furaha.

Jioni, aliposikia kwamba fundi amemchukua Kaki, mama aliuliza, "Umemweleza hali yake?"

"Nimemweleza," Kidoti alijibu. Mama alishusha pumzi na kuanza kuimba polepole akikunja nguo. Kidoti alikwenda kusimama mahali palipokuwa na meza. Alipiga kisigino sakafuni. Hakuna kilichochomoza.

Siku mbili zilipita. Siku ya Alhamisi, Redio alifika shuleni akihema.

"Mbwa wako ana balaa! Amemng'ata fundi mkono. Jana aliingia barabarani, fundi akamwita, akamwita, wapi! Pikipiki nusura impitie. Sasa amefungwa kwa waya. Fundi anasema ana kiburi."

Kidoti hakungoja kengele ya mwisho itulie. Alikimbia njia nzima, mkoba ukimpiga mgongoni. Alielewa vizuri kilichotokea. Kaki akiguswa usingizini kutoka nyuma, hushtuka na kufyatua meno kabla hajajua ni nani. Ndiyo sababu nyumbani walipiga kisigino kwanza. Na ni nani aliyemwambia fundi?

Alipofika kibandani, Kaki alikuwa amejikunyata kwenye kona, waya mfupi ukimvuta shingo. Fundi alisimama juu yake. Mkono mmoja ulikuwa na bandeji, mwingine ulishika ile rula ndefu ya mbao ya kukatia vitambaa.

"Nimekwambia toka hapo! Nakusemesha, unanipa kisogo?" Rula ikapanda juu.

"Usimpige, babu! Hasikii!"

Rula ilibaki hewani.

"Unasemaje?"

"Hasikii. Ni kiziwi. Alizaliwa hivyo." Machozi yalikuwa yakimwingia Kidoti mdomoni. "Siku ile nilimwita kwa kidole. Nilikudanganya, kwa sababu kila mtu alimkataa, na Jumamosi angedungwa sindano."

Fundi aliishusha rula polepole, akaiweka mezani kama kitu cha moto. Akaketi. Akaitazama bandeji yake.

"Jana nilimpiga," alisema. "Nilimwita nikimpa chakula, akanipa kisogo, nikampiga. Miaka yote hii sijawahi kumpiga mnyama, mtoto wewe. Umenifanya nimpige kiziwi kwa kutosikia."

Kidoti angependa sakafu ifunguke immeze.

"Mchukue," fundi alisema bila kumtazama. "Niliomba mtu wa kumsemesha. Mchukue uende."

Nyumbani, mama alipomwona Kaki mlangoni alijua bila kuambiwa. Kidoti alieleza yote hata hivyo, mpaka na ule uongo aliomwambia yeye. Mama hakumgombeza. Labda ingekuwa afadhali kama angemgombeza.

"Hakuna mwingine wa kumwendea, mwanangu," alisema tu. "Siku zimekwisha."

Ijumaa Kidoti alimwogesha Kaki kwa maji ya uvuguvugu. Shingoni palikuwa na mstari mwekundu wa waya, na ubavuni palikuwa na mahali ambapo Kaki hakutaka paguswe. Alimkausha kwa taulo lake mwenyewe, kwa kuwa mataulo mengine yalikuwa yamekwisha kufungashwa. Kaki alimlamba machozi. Kama angekasirika hata kidogo, ingekuwa rahisi.

Jumamosi asubuhi walitoka watatu. Njia ya kwenda kwa daktari wa mifugo ilipita karibu na kituo. Kidoti alitembea akitazama vidole vya miguu yake, na mama alibeba shuka kuukuu kwapani. Hakuna aliyesema hilo shuka ni la nini.

Walipofika mbele ya kibanda cha fundi, kamba ilikaza ghafla. Kaki alikuwa amesimama. Ndani, cherehani ilikuwa ikinguruma, na mbao za kizingiti zilitetemeka kwa mbali. Kaki aliweka mguu mmoja juu ya kizingiti, kisha wa pili. Kabla Kidoti hajamvuta, kamba ilimponyoka.

"Kaki!" Kidoti alipiga ukelele, ingawa alijua ni bure.

Kaki aliingia moja kwa moja, akapita karibu na meza ya kukatia, karibu na ile rula. Akajizungusha mara moja na kulala kando ya cherehani, kidevu juu ya mbao, karibu kabisa na kanyagio. Akafumba macho.

Fundi aliwaona. Hakusimama. Miguu yake iliendelea, juu chini, juu chini.

"Kila siku alilala hapo," alisema, kana kwamba wanaendelea na mazungumzo ya juzi. "Nikishona, analala. Nikiacha, anainuka na kwenda zake, nami nafikiri ananidharau. Juzi usiku sikupata usingizi, ndipo nikaelewa. Anaisikiliza mashine kwa kidevu." Alimtazama mama, halafu shuka kwapani mwake. "Mnakwenda wapi na shuka?"

Mama alilificha shuka nyuma ya mgongo.

"Keti hapo, mjukuu wangu," fundi alisema. "Nisikilize, maana siwezi kuacha kukanyaga, ataamka. Ungeniambia siku ile kwamba hasikii, pengine ningesema simtaki. Sitakudanganya na mimi. Lakini pengine ningesema, nifundishe. Hukunipa nafasi ya kuchagua. Na uliponificha kasoro yake, ulinificha na namna ya kuishi naye. Huyu hapa ndiye aliyelipia, kwa mbavu zake, na wala hajui ni kwa nini. Ukimpenda mtu au mnyama, mweleze ukweli wake yule unayemkabidhi, hata kama ukweli huo utafunga mlango. Mlango uliofunguliwa kwa uongo umemfungia ndani peke yake."

"Nisamehe, babu," Kidoti alisema kwa sauti iliyokatika.

"Na mimi nani atanisamehe? Tutamwomba yeye, sote wawili." Akavuta pumzi. "Haya, nifundishe. Njoo ni vipi?"

Kidoti alinyanyua kidole, akagusa kifua chake. Fundi alimwiga kwa mkono wenye bandeji, bila kusimamisha miguu. Hapo ndipo Kidoti alipoitazama cherehani vizuri. Sindano ilikuwa ikipanda na kushuka, lakini chini yake hapakuwa na kitambaa.

Siku zilizobaki alizimalizia kibandani. Fundi alijifunza kupiga kisigino kabla ya kumgusa Kaki, naye Kaki, baada ya siku kadhaa za kumkwepa, akaanza kula mkononi mwake. "Nilitaka wa kumsemesha," fundi alisema. "Basi nitamsemesha kwa miguu. Hata bibi yenu alikuwa akisema miguu yangu ina maneno mengi kuliko mdomo."

Redio alikuja kuaga. "Usilie. Utampigia simu! Fundi atamwekea sikioni, atasikia sauti..." Akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza Kidoti kumwona akinyamaza.

Siku ya safari, teksi iliwangoja barabarani na masanduku juu yake. Kidoti aliingia kibandani. Kaki alikuwa amelala kando ya cherehani, kidevu sakafuni, mguu wa nyuma ukirukaruka katika ndoto.

"Niache kukanyaga?" fundi aliuliza kwa upole. "Aamke umuage?"

Kidoti alitamani kusema ndiyo. Alitamani kuyaona yale macho mara moja tu. Lakini angemwagaje? Hapakuwa na ishara ya kwaheri. Hakuwahi kumfundisha.

Alitikisa kichwa. Akapiga magoti, akalaza kiganja chake juu ya mbao, karibu na ile pua nyeusi. Mtetemo ulimpanda mkononi, juu chini, juu chini, mpaka begani.

"Usiache, babu," alinong'ona.

Honi ya teksi ililia, mara moja, mara mbili. Kaki hakuinua kichwa. Kidoti alitoka akikanyaga kwa ncha za vidole, asiitikise sakafu, na mpaka gari linakata kona, nyuma yake bado alisikia cherehani ikienda.