Funza wa Swadiki

Habari hii nilipewa na Hadijah wa Koboko, wiki mbili baada ya Idi kubwa ya mwaka jana, tukichambua maharage. Ni ya mume wake, Swadiki.

Swadiki alianika nyama ya Idi kwenye kamba. Siku ya pili akaikuta imejaa funza.

"Nyama imezaa tena," alisema. Kwao walisema hivyo tangu zamani.

Binti yake Jamilah, anayesoma sekondari huko Mvara, mjini Arua, akacheka. "Nyama haizai, Baba. Nzi ndiye ametaga mayai."

"Wewe! Jana ulisema uhai wa kwanza ulitoka kwenye vitu visivyo hai. Leo nyama haiwezi? Shule inakuchezea kichwa. Jumatatu huendi!"

Jamilah alimkazia macho. Lakini Swadiki mwenyewe hakupata raha. Alikaa, akasimama, akaenda mpaka barabarani, akarudi. Akirudi shule atapoteza dini, aliwaza. Asiporudi, ataniangalia hivi hivi kila siku.

"Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga," Hadijah alimwambia. "Muulize Elena!"

Elena, jirani yao, alifanya kazi ya maabara. Alikuja na makopo mawili, akaweka kipande cha nyama mbichi katika kila kopo. La kwanza aliliacha wazi. La pili alilifunga kwa kitambaa chepesi.

"Usifungue, mzee. Angalia tu."

Swadiki aliangalia mara kumi kwa siku. Siku ya tatu, kopo la wazi lilijaa funza. La pili lilinuka vibaya, lakini ndani funza hakuna. Mayai ya nzi yalikuwa juu ya kitambaa.

"Basi nzi iko na makosa," alisema. "Na huo uhai wa kwanza?"

"Hapo wataalamu wanabishana," alijibu Elena. "Hawasemi funza. Wanasema kitu kidogo sana, zamani kabla ya nzi na nyama. Wengine wanasema kilianza chini ya bahari, maji ya moto yanapotoka kwenye mwamba. Wengine wanasema kwenye vidimbwi vilivyokauka na kujaa tena. Wanajaribu, lakini hakuna aliyewahi kutengeneza uhai."

"Hawajui?"

"Bado."

Swadiki akamgeukia binti yake. "Mbona hukusema hivyo?"

"Mwalimu alisema, Baba. Mimi niliruka hapo. Nilitaka kukushinda."

Swadiki alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nasema Mungu aliumba, na siachi."

"Nani amekuambia uache?" alisema Elena. "Wao wanatafuta ilikuwaje."

"Basi na huyu aende shule akabishane nao!"

Akakimbia kukata chandarua cha kitandani, afunike nyama. Elena akamzuia: "Hicho kina dawa! Tafuta kitambaa safi, na kisiguse nyama." Hadijah akatoa shela. Nyama iliyofuata ilikauka bila funza hata mmoja.

Jumatatu mchana, Jamilah akiwa njiani kwenda Arua, Hadijah alilala kwenye mkeka. Swadiki alijilaza kando yake, akageuka, akageuka tena.

"Hadijah, hicho kidimbwi cha kwanza, nani alikiona?"

Hadijah alikoroma. Swadiki akawaza mvua, akawaza mwamba, akawaza maji ya moto, mpaka usingizi ukamchukua katikati ya swali.