Mjumbe wa Breki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kipaza alifagia ua, akaosha vikombe, kisha akaanza kazi ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa nayo: kubeba maneno ya watu wazima wawili waliokuwa wakisikiana vizuri kabisa.

"Mwambie baba yako mdogo aondoe baiskeli yake mlangoni," baba yake alisema.

Baba mdogo alikuwa palepale, akipiga mswaki. "Mwambie baba yako nitaiondoa nikimaliza."

Hivyo ndivyo msichana huyo wa miaka kumi na miwili alivyopata jina lake, kifupi cha kipaza sauti. Baba yake alikuwa mpaka rangi, na baba mdogo alikuwa mchomeleaji wa mageti. Waliishi ua mmoja na mama yao, bibi yake Kipaza, lakini walikuwa hawasemeshani tangu waliporithi gari la marehemu babu. Likiwa zima, kila mmoja aliliita lake. Likiharibika, lilikuwa la mwenzake. Gari lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko Kipaza, na sasa breki zake zilivuja. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kweli huyu hakuuawa, ila alichoshwa vibaya.

Jumatatu bibi alitakiwa hospitalini kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alikuwa haoni tena nyuso za wanawe, akiwatambua kwa sauti tu. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo muda mrefu, na akiikosa hakuna aliyejua angeitwa tena lini. Kwa hiyo gari lilipaswa kutengenezwa. Bibi aliwasihi wamwite fundi wa gereji, wakakataa wote wawili. Baba alisema analijua gari hilo tangu utotoni. Baba mdogo alisema mtu anayekata vyuma hawezi kushindwa na breki. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka mzima, na ndilo walilokosea.

Jumapili mchana walibadilisha paipu iliyovuja. Ikabaki kutoa upepo kwenye breki, kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani, akakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine, chini kwenye gurudumu, hulegeza nati ndogo ili mafuta yatoke pamoja na upepo, kisha huikaza. Hapo ndipo yule wa juu huachia. Akiachia mapema, upepo huingia tena, na breki yenye upepo si breki. Kazi hiyo huhitaji kuambiana kila hatua, nao walikuwa hawaambiani kitu. Basi Kipaza akasimamishwa juani katikati yao.

"Mwambie akanyage," ilisema sauti kutoka chini.

"Anasema ukanyage, baba."

"Mwambie nimeshika."

Waliendelea hivyo gurudumu baada ya gurudumu. Mafuta yalipomrukia baba mdogo shavuni, alimgombeza Kipaza. Pedali ilipomchosha baba mguu, alimgombeza Kipaza pia, akamwuliza kama ameweka pamba masikioni. Kila tusi walilotaka kutupiana lilimwangukia yeye. Alikasirika, akawachukia wote wawili kwa wakati mmoja.

Walipofika gurudumu la mwisho, alikuwa hataki hata kugeuza shingo. Baba mdogo aliuliza kama pedali imeshikwa.

"Ameshika," Kipaza alijibu, bila kumwuliza mtu.

Kumbe wakati huo baba alikuwa ameinua mguu ili anywe maji. Nati ikalegezwa, upepo ukaingia. Baba alipokanyaga tena aliiona pedali laini, lakini kumwuliza mdogo wake kungekuwa kusalimu amri. Aliisukuma mara kadhaa mpaka ikawa ngumu kidogo, akaridhika.

Kesho yake asubuhi waliondoka, baba akiendesha, bibi akiwa mbele na Kipaza nyuma amepakata mkoba wa bibi. Walipoanza kuteremka mteremko ulio karibu na nyumbani, baba alikanyaga breki, pedali ikazama mpaka sakafuni. Alikanyaga tena, ikawa vilevile. Akavuta breki ya mkono, ambayo uzee ulikuwa umeichosha, gari likapunguza mwendo bila kusimama. Baba akakata usukani, wakajichimbia kwenye lundo la mchanga mbele ya nyumba iliyokuwa ikijengwa. Bibi aligonga goti, akatoa mguno mmoja tu.

Baba mdogo, aliyekuwa akiwatazama kutoka mlangoni, alifika mbio. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimsemesha kaka yake moja kwa moja, na ingekuwa heri angenyamaza.

"Unataka kumuua mama?"

"Muuaji ni wewe uliyefunga nati," baba alisema. "Ulijua nani atapanda leo."

Baba mdogo aliokota koleo la mafundi. Baba naye akakunja ngumi. Kipaza alishuka garini. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Lakini aliona wazi kwamba watu hawa wataumizana kwa neno lililotoka kinywani mwake.

"Ni mimi," alisema. "Niliulizwa kama pedali imeshikwa, nikasema imeshikwa. Sikumwuliza baba. Nilikuwa nimewachoka."

Baba alimgeukia, mkono juu.

"Mkono huo ushushe," bibi, aliyeona kivuli chake tu, alisema kutoka garini, kwa sauti ambayo wanawe waliijua tangu wakiwa wadogo. Akamwita Kipaza dirishani. "Mjukuu wangu, umekosa. Ukitumwa neno, lifikishe kama ulivyopewa. Ukichoka, sema umechoka, si aibu. Lakini usimjibie mtu ambaye hukumwuliza. Neno lako dogo lilikuwa limetubeba sisi sote."

Kipaza alilia, akaomba radhi.

"Na nyinyi," bibi aliendelea, "mmemtwika mtoto chuki yenu, kisha mnashangaa imemwelemea. Leteni spana. Mtafanya kazi hiyo tena hapahapa, na nisisikie mtu akimtuma mtoto."

Walilivuta gari kutoka mchangani kwa msaada wa mafundi wa ujenzi, wakaanza upya. Kipaza alipewa kazi ya kuongeza mafuta ya breki kwenye kikopo chake chini ya boneti. Safari hii hakuna aliyepita katikati. Baba mdogo alisema, "Kanyaga." Baba akajibu, "Nimeshika." Walisema kama watu wanaotemeana mate, lakini walisema, na kila mmoja alingoja jibu la mwenzake. Mapovu yakatoka mpaka yakaisha.

Baba alimfungulia bibi mlango. Bibi hakusogea.

"Pandeni nyinyi kwanza, wote wawili. Mkanyage breki mpaka mridhike."

Wakapanda, wakazunguka taratibu sehemu ya tambarare, wakisimama na kuondoka, wamenuna kama watoto waliofungiwa chumba kimoja. Kisha wakajaribu kwenye mteremko. Gari lilisimama kila lilipotakiwa kusimama. Ndipo bibi akakubali kuingia, akachechemea kwa goti lake, na Kipaza akamfunga mkanda.

"Tutawahi, mama," baba alisema. "Usiogope upasuaji."

"Siogopi," bibi alijibu. "Naomba tu daktari na muuguzi wake wawe wanasemeshana."