Pumzi ya Mume wa Mtu

Fundi Kiherehere alikuwa ameshafunga nusu ya mlango wa kibanda chake. Jua lilikuwa linazama, na mkewe alishapiga simu kuuliza kama leo atakula chakula kikiwa cha moto. Jina la kweli la fundi huyu watu walishalisahau. Mikono yake haikujua kutulia, na ulimi wake ndiyo usiseme.

Mama mmoja akasimama mlangoni. Aliweka mezani kiboksi cha mbao kilichozungushiwa utepe mweusi, chenye mrija wa kuvutia moshi juu yake. Sigara ya umeme ya kujitengenezea.

"Alikiunda marehemu mume wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Waya wa betri umelegea. Ukaze tu, baba. Usivute."

"Nivute nini, mama? Sigara niliacha zamani."

"Vizuri." Akaenda kukaa kwenye benchi nje.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kiungo cha betri kilikuwa kinacheza kama jino bovu. Fundi alikisafisha, akakibana kwa koleo, akachomelea waya kwa tone la risasi. Taa ndogo ya bluu ikawaka.

Hhhh... hhhh...

Hakuwa amegusa kitufe. Alikisogeza sikioni. Kilikuwa kinapumua taratibu, kama mtu aliyelala, na kilinuka dawa ya kuchua, harufu ya chumba cha mgonjwa. Nywele zilimsimama.

Mwingine angekirudisha hapo hapo. Lakini Kiherehere alikuwa na ugonjwa wake: kitu hakitoki mezani bila kujaribiwa. Redio ataiimbisha, feni ataizungusha, na wateja walimsifu kwa hilo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Akavuta. Kidogo tu.

Moshi uliingia. Akangoja utoke...

Haukutoka.

Kiboksi kikawa kimya.

"Umevuta," alisema yule mama, ameshafika mlangoni.

"Kidogo tu, mama. Nilikuwa napima."

Mama alikaa sakafuni. "Alipulizia humo pumzi yake ya mwisho," alinong'ona. "Kila jioni nilikuwa namsikiliza. Basi, sikuomba zaidi. Waya ulipolegea nikaona nimefiwa mara ya pili."

Fundi alitaka kusema pole. Kinywa chake kikasema, kwa sauti nzito asiyoijua, "Usilie. Umekula?"

Mama aliinua uso. Aliogopa, na Mungu amsamehe, alifurahi pia.

Fundi alitoka mbio, akaacha mlango wazi na vyombo vyake mezani. Kifua kilipanda na kushuka kwa mwendo usio wake. Alitaka jambo moja tu: amwone mkewe, amwite, ajue kwamba bado yeye ni yeye. Nyuma yake kandambili za yule mama zilimfuata bila haraka. Chwa... chwa... chwa...

Mkewe alifungua mlango, mwiko mkononi.

"Ajabu, leo umewahi."

Fundi alimwita kwa moyo wake wote. Hakuwa na pumzi ya kumwitia.

"Samahani, dada," kinywa chake kilisema kwa adabu. "Nimekosea nyumba."

Miguu ikamgeuza, ikampeleka uchochoroni, kwa yule mama aliyekwisha kunyoosha mkono.